Mgeni Akiondoka, Jembe Litabaki kwa Nani?

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga hao hao, ambao hawakupenda uvivu hata kwa mgeni, wakaongeza kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Darasani methali hizi mbili hufundishwa kana kwamba zinapingana. Mimi naziona kuwa ni mizani yenye sahani mbili, na katika makala haya nanuia kuitumia mizani hiyo kulipima jambo moja ambalo sisi wa huku mpakani, kutoka Busia hadi Malaba na kupanda hadi Angurai, tumelizoea mno hata hatulitafakari tena. Jambo lenyewe ni uongozi wa mashirika ya kimataifa yanayokuja kutupigania dhidi ya upofu na utapiamlo.

Yamkini msomaji atauliza: upofu na utapiamlo vinakutania wapi? Je, si kila kimoja kina daktari wake na ofisi yake? Jibu ni kwamba vinakutania ndani ya jicho la mtoto. Mwili unahitaji vitamini A ili jicho liweze kuona katika mwanga hafifu, na ili ngozi laini inayofunika jicho, mapafu na utumbo ibaki na unyevu na nguvu za kuzuia maradhi. Mtoto akiikosa kwa muda mrefu, kwanza hushindwa kuona magharibi inapoingia. Hujikwaa, hupapasa, hukaa kando wenzake wakicheza. Baadaye jicho hukauka. Akipatwa na surua katika hali hiyo, kioo cha mbele cha jicho chaweza kuharibika kwa siku chache tu, na giza likawa la maisha. Kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani limetoa makadirio kwamba watoto kati ya 250,000 na 500,000 duniani hupofuka kila mwaka kwa sababu hiyo, na kwamba nusu yao hufa kabla ya mwaka kwisha. Kwa hiyo, mtoto asiyeona jioni si mtoto mwenye tatizo la macho peke yake. Ni mtoto aliye katika hatari ya kufa.

Sasa tuitazame Angurai yenyewe. Hapa si jangwani. Mvua hunyesha mara mbili kwa mwaka, mito hushuka kutoka upande wa Mlima Elgon, na udongo huzaa muhogo, mtama, wimbi, mahindi, karanga na viazi vitamu. Mashamba mengi yameonja pia kilimo cha tumbaku, zao ambalo huleta pesa lakini haliingii chunguni. Mgeni atakayepita barabarani Malaba, akaona foleni ya malori na vikapu vya vyakula sokoni, atasema kwamba watu hawa hawana njaa. Atakuwa amesema nusu ya kweli. Tazama sahani ya mtoto: ugali wa muhogo au wa mahindi meupe, kiazi cheupe, uji mweupe. Mboga za majani zipo, lakini aghalabu mtoto mdogo hupewa mchuzi wake tu, na mafuta ni ya kuonjwa. Tumbo limeshiba, jicho lina njaa. Njaa ya namna hii haipigi kelele, na kwa sababu hiyo huhitaji viongozi wenye masikio makali.

Shirika moja limeyaunganisha mambo haya mawili, upofu na lishe, kuliko jingine lolote ninalolijua. Ni lile lenye jina la Helen Keller, ambalo makao yake makuu yako New York na ambalo limekuwa na kazi katika nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwamo. Historia yake inafaa kusimuliwa, kwa maana ndani yake yamo maswali yote ya uongozi ninayotaka kuyauliza.

Mnamo tarehe 7 Mei 1915, katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, nyambizi ya Kijerumani iliizamisha meli ya abiria iliyoitwa Lusitania karibu na pwani ya Ireland. Watu zaidi ya 1,100 waliangamia. Miongoni mwa waliookoka ni George Kessler, mfanyabiashara wa mvinyo. Baada ya kunusurika aliamua kuwasaidia askari waliokuwa wakipofushwa vitani, na katika kazi hiyo alishirikiana na Helen Keller, mwanamke Mmarekani ambaye alipoteza uwezo wa kuona na kusikia akiwa na umri wa miezi 19 tu. Mfuko walioanzisha mwaka huo wa 1915 ulikuwa wa askari vipofu, kisha ukageukia uchapishaji wa vitabu vya Breli, kisha ukaenea kuwahudumia vipofu katika nchi nyingi. Keller mwenyewe aliaga dunia mwaka 1968. Shirika lilichukua jina lake mwaka 1977.

Wengi humtaja Helen Keller kama muujiza na kuishia hapo. Wanasahau kwamba alikuwa mtu wa fikira kali. Mwaka 1907 aliandika katika gazeti la akina mama wa Marekani kuhusu upofu wa watoto wachanga uliotokana na magonjwa ya zinaa, upofu ambao ungezuiwa kwa matone machache ya dawa machoni mara tu mtoto azaliwapo. Lilikuwa jambo la aibu kutamkwa hadharani wakati ule. Kadiri alivyosoma ndivyo alivyotambua kwamba upofu haugawanywi sawasawa: huwaandama maskini zaidi kuliko matajiri. Hapo ndipo naona shina la uongozi wa kweli. Mtu aliyeathirika hakuridhika kuwa picha ya kuombea sadaka. Aliuliza swali ambalo wafadhili hawalipendi: nini chanzo?

Walimu wenzangu, tusimsahau mwenzetu katika kisa hicho. Anne Sullivan alipowasili nyumbani kwa akina Keller mnamo Machi 1887 alikuwa na umri wa miaka 20. Yeye mwenyewe alikuwa ameugua trakoma utotoni, ugonjwa wa macho wa watu wanaokosa maji safi na makazi bora, akakaribia kupofuka. Hakuja na mradi wala gari. Alikuja na subira, akamfundisha mtoto neno moja baada ya jingine kwa kuandika herufi kiganjani, na neno lililofungua mlango lilikuwa "maji". Laiti mwalimu huyo asingekuwapo, shirika tunalolizungumzia lisingekuwa na jina hilo. Uongozi ulianzia mkononi mwa mwalimu kabla ya kufika katika meza ya bodi.

Hatua ya pili ya historia hii ilitokea mbali na Afrika, lakini matunda yake yamefika hadi katika zahanati zetu. Katika miaka ya 1970 daktari wa macho Alfred Sommer alikwenda Indonesia, kwa ushirikiano na shirika hilo, kuchunguza ukavu wa macho wa watoto. Alipozirudia takwimu zake aliona jambo ambalo hakulitafuta: watoto wenye dalili ndogo tu za upungufu wa vitamini A walikuwa wakifa kwa wingi kuliko wenzao. Jaribio lililofanywa katika vijiji 450 vya jimbo la Aceh, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1986, lilionyesha kwamba watoto waliopewa vitamini A kila baada ya miezi 6 walipungukiwa na vifo kwa takriban theluthi moja. Wataalamu wengi walishuku. Tafiti nyingine zikafanywa, baadhi zikapata punguzo dogo zaidi, lakini ushahidi kwa jumla ulitosha kuzifanya serikali nyingi zianze kugawa matone ya vitamini A kwa watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5.

Zingatia, msomaji, uamuzi uliowakabili viongozi wa shirika wakati huo. Walikuwa na kazi yenye heshima ya kuchapa Breli na kuwafunza vipofu stadi za maisha. Ushahidi ukawaambia kwamba wangeweza kuwazuia maelfu wasipofuke kabisa, tena kwa gharama ndogo mno kwa kila mtoto. Kubadili njia ni jambo gumu kwa taasisi kongwe. Wafadhili huzoea, wafanyakazi huzoea, hata wanaohudumiwa huzoea. Walibadilika. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kipimo cha kwanza cha kiongozi wa shirika la hisani: je, yu tayari kuiacha kazi iliyompa sifa, ushahidi unapomwelekeza kwingine?

Siku hizi uongozi wa mashirika haya umekuwa taaluma. Kathy Spahn aliyeliongoza shirika la Helen Keller tangu mwaka 2005, kwa zaidi ya miaka 15, alitoka ORBIS, shirika maarufu kwa hospitali yake ya macho iliyo ndani ya ndege. Baada yake alikuja Sarah Bouchie. Ni watu wenye ujuzi wa kutafuta fedha na kusimamia maelfu ya wafanyakazi, na sina sababu ya kuwatupia mawe. Hata hivyo, kati ya meza ya New York na jiko la Angurai pana bahari, lugha na tabaka. Namkumbuka John Wilson wa Uingereza, aliyepofuka akiwa mvulana wa miaka 12 kwa ajali ya maabara shuleni. Aliizunguka Afrika katika miaka ya 1946 na 1947, kisha mwaka 1950 akaanzisha shirika ambalo leo linaitwa Sightsavers. Wilson na mkewe waliishi kwa muda katika kijiji kimoja kaskazini mwa Ghana, mahali ambapo upofu wa mtoni ulikuwa umewaangusha watu wengi. Alikwenda kuishi na tatizo kabla ya kulitungia suluhisho. Hicho ndicho kipimo cha pili: je, kiongozi, au walau mtu anayemsikiliza kila siku, amewahi kulala mahali ambapo tatizo linalala?

Kipimo cha tatu, na kwangu ndicho kikuu, ni hiki: kazi ikiisha, nini kinabaki? Hapa sina haja ya kwenda mbali. Tuna kiazi.

Kiazi kitamu chenye nyama ya rangi ya chungwa kina kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Gramu 125 tu, yaani kiazi kimoja kidogo, zinaweza kumtosheleza mtoto wa shule ya awali kwa siku, hasa akila pamoja na kitu chenye mafuta. Na sisi watu wa huku, ambao karanga na simsim ni jadi yetu, mafuta hayo tunayo shambani. Tatizo la aina za kwanza za kigeni lilikuwa kwamba zilikuwa na majimaji, ilhali mlaji wa Afrika Mashariki anataka kiazi kikavu kinachoshikana mdomoni. Watafiti walilazimika kuuheshimu ulimi wa mwenyeji. Mganda Robert Mwanga alizalisha aina zinazostahimili maradhi na kupendeza kula. Mwaka 2004 Uganda iliidhinisha aina mbili, mojawapo ikiitwa Kakamega, jina la mji wa upande wetu wa mpaka. Mmea haukuulizwa pasipoti pale Malaba. Mwaka 2016 Mwanga alipewa Tuzo ya Chakula Duniani pamoja na Maria Andrade wa Cape Verde, Jan Low aliyefanya kazi kwa miaka mingi nchini Kenya, na Howarth Bouis. Nalo shirika la Helen Keller, kuanzia mwaka 2011, lilishirikiana na Kituo cha Kimataifa cha Viazi kuwashawishi viongozi wa nchi kama Tanzania na Msumbiji kukitengea kiazi hicho fedha na sera.

Hapa kwetu Busia na Bungoma, mapema katika miaka ya 2010, ulikuwapo mpango uliomwendea mama mjamzito pale pale kliniki. Alipohudhuria alifunzwa habari za lishe, kisha akapewa hati ya kwenda kuchukua marando, yaani yale mashina ya kiazi yanayotambaa, kwa mkulima wa karibu aliyeyazalisha. Mpango huu ulikuwa na busara mbili. Kwanza, ulimwunganisha muuguzi na mkulima, watu wawili ambao serikali huwaweka katika wizara mbili zisizosalimiana. Pili, alichopewa mama ni mbegu inayozaana. Kidonge humezwa kikaisha. Rando likitunzwa, dada humkatia dada, na jirani humkatia jirani.

Lakini nasema "likitunzwa". Kiangazi kikali kikija marando hukauka, na mradi ukiwa umekwisha hakuna gari litakaloleta mengine. Ipo njia rahisi ambayo watafiti wameieneza: baada ya mavuno chagua viazi vidogo visivyo na wadudu, vipange kwa tabaka ndani ya beseni lenye mchanga mkavu, uvihifadhi kivulini, yapatapo majuma 6 hadi 8 kabla ya mvua, vipande katika kitalu kidogo kinachomwagiliwa maji, navyo vitachipua marando ya kutosha kwa shamba zima. Mchanga, beseni na kitalu. Hakuna kinachohitaji kibali kutoka ng'ambo. Kinachohitajika ni mtu wa kukumbuka kila mwaka, na mtu huyo lazima awe mkaazi.

Naomba sasa niligeukie jambo ambalo viongozi wa mashirika hawapendi kuliandika katika ripoti zao zenye picha za rangi, nalo ni imani ya wenyeji. Eneo letu limekuwa kama shule ya dunia katika mambo ya misaada. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, shirika la ICS lenye asili ya Uholanzi liliendesha miradi mingi katika shule za msingi za Busia na Teso, na wanauchumi wakaipima. Dawa za minyoo zilizoanza kutolewa mwaka 1998 zilipunguza utoro wa wanafunzi kwa takriban robo, na habari hizo zikaenea duniani kote. Mmoja wa watafiti hao, Michael Kremer, alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019. Ila mradi wa vitabu vya kiada haukuinua alama za mwanafunzi wa kawaida. Waliofaidika ni wale waliokuwa mbele tayari. Sababu moja ilikuwa wazi kwa mwalimu yeyote wa huku: vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi ni lugha ya tatu. Msaada ulifika mezani, haukufika kichwani.

Kisha ukaja mwaka 2001. Shirika hilo lilikuwa limeanzisha mpango wa kuwapa wasichana waliofaulu pesa za masomo. Mnamo Juni radi ikapiga shule moja ya msingi wilayani Teso, ikawaua wanafunzi 7. Shule hiyo haikuwa hata katika mpango. Lakini katika uchungu ule watu walianza kunong'onezana kwamba shirika la wageni lilikuwa na mkono katika msiba, na shule kadhaa za Teso zikajitoa. Huko Busia mpango uliendelea na wasichana wakapanda alama. Ni rahisi kwa msomi kucheka na kusema, "Ushirikina!" Mimi sicheki. Naona jamii ambayo ilipewa fedha bila kupewa maelezo ya kutosha katika lugha yake, na watu wake wenyewe hawakuwa katika kiti cha kuamua. Pengo la imani hujazwa na lolote lililo karibu, na siku ile lililokuwa karibu ni radi. Mtu akitaka kujua kwa nini mama mmoja humficha mtoto asipewe matone ya vitamini A, aanzie hapo. Asianze kumtukana mama.

Ikiwa somo la mwaka 2001 lilikuwa imani, somo la mwaka 2025 lilikuwa tegemeo. Mnamo Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Majuma machache baadaye miradi mingi ikafutwa, na kufikia Julai shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa kama taasisi inayojitegemea. Mashirika ya lishe na ya macho yalipoteza miradi, la Helen Keller likiwa miongoni mwao. Viongozi waliokuwa wakijadili upanuzi walijikuta wakiandika barua za kuwaaga wafanyakazi. Hapakuwa na kosa lolote la mtoto wa Angurai wala la mama yake. Uamuzi ulipitishwa katika mji ambao hawatauona, na watu ambao hawatawapigia kura. Nguo ya kuazima, walisema wazee, haisitiri maungo.

Wako watakaoniambia: basi wageni na waende zao, tujitegemee. Hoja hiyo hushangiliwa vizuri jukwaani. Lakini surua haingoji bajeti yetu ikamilike, na ujuzi wa kuzalisha matone ya vitamini A au wa kupima damu hautapatikana kwa hasira. Wako wengine watakaosema: sisi ni maskini, hatuwezi bila wao. Nao nawapinga. Tangu mwaka 2013 afya imekuwa jukumu la serikali za kaunti. Elimu ya shule za awali pia ni jukumu la kaunti. Tafakari maana yake: mtoto wa miaka minne, ambaye ndiye hasa anayehitaji vitamini A, akiwa zahanatini yu mikononi mwa kaunti, akiwa katika darasa la chekechea yu mikononi mwa kaunti vile vile. Si Nairobi, si New York. Hatuna tena mtu wa mbali wa kumsingizia.

Hata sheria njema za kitaifa hazitufikii tusipozifuata mbio. Tangu mwaka 2012 Kenya imeamuru unga wa mahindi na wa ngano unaotengenezwa viwandani, pamoja na mafuta ya kupikia, viongezwe virutubishi, vitamini A ikiwamo. Ni sheria nzuri kwa mwenye kununua pakiti dukani. Lakini mama wa Angurai huchukua debe lake la mahindi na muhogo akaenda kusaga kwenye kisiagi cha jirani, na kisiagi hakina habari ya sheria hiyo. Mafuta naye hununua kidogo kidogo, ya kupimiwa. Kiongozi aliye mbali husoma sheria akatia alama kwamba kazi imekwisha. Kiongozi aliye karibu huona debe kichwani mwa mama akajua kwamba kazi bado.

Basi nani awe kiongozi huyo wa karibu? Nasema bila kusita: mwalimu, pamoja na mhamasishaji wa afya ya jamii na mkulima wa marando. Wala sisemi hivi ili kuwapaka walimu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kaunti ya Trans Nzoia imekwisha kutuonyesha njia. Huko Kitale, daktari wa macho Hillary Rono na wenzake waliwafunza walimu kuwapima wanafunzi macho kwa kutumia simu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha shule 50 na wanafunzi wapatao 20,000, watoto waliogunduliwa kuwa na tatizo na ambao wazazi wao walikumbushwa kwa ujumbe wa simu walifika hospitali kwa kiwango cha 54 katika kila 100. Katika shule zilizotumia njia ya kawaida, waliofika walikuwa 22 tu katika 100. Mwalimu hakugeuzwa kuwa daktari. Alipewa chombo, akapewa imani, na mzazi akafuatiliwa.

Mwalimu wa chekechea hahitaji hata simu ili kuanza. Aulize mama: mtoto wako huona vizuri jua likitua? Amtazame mtoto anayepapasa darasani wingu likitanda. Ahakikishe kwamba katika wiki za Malezi Bora, ambazo kwa desturi huja Mei na Novemba, orodha ya watoto wake iko tayari na hakuna aliyerukwa. Mwalimu wa kilimo naye atenge kitalu kimoja cha marando shuleni, na beseni moja la mchanga kwa ajili ya kiangazi. Nanyi wanafunzi wa sekondari mnaosoma makala haya, mnaojua beta-karotini ni nini kwa ajili ya mtihani, je, mmewahi kumweleza nyanya yenu kwa lugha yake kwa nini kiazi cha rangi ya chungwa kimpate mdogo wenu kabla hakijapelekwa sokoni? Elimu isiyoweza kutafsiriwa jikoni ni mzigo wa kubebea mtihani.

Kwa viongozi wa mashirika nina ombi moja lisilo na ukali. Siku mnapoingia kijijini, tuambieni pia siku mtakayotoka, na tuandike pamoja jina la mtu atakayepokea jembe. Jina hilo liwe la mkaazi, anayesema lugha ya mahali, mwenye mshahara au cheo kinachotambuliwa na kaunti, na mwenye haki ya kuwaambia ninyi kwamba mnakosea. Mkishindwa kulipata jina hilo, msianze.

Na kwetu sisi wenyeji nina agizo, maana mtu hujiagiza nyumbani kwake. Katiba ya mwaka 2010 inatupa haki ya kushiriki katika kupanga bajeti ya kaunti. Vikao huitishwa, aghalabu wanaosimama huomba barabara na taa, na kwa hakika barabara ni muhimu. Katika kikao kijacho, hebu asimame mwalimu mmoja wa Angurai, avue kofia, awasalimu wakubwa kwa adabu zote, kisha aulize swali moja tu: fedha za vitamini A na za marando ya watoto wetu ziko katika ukurasa wa ngapi? Akijibiwa kwamba hilo hufanywa na wafadhili, asikae chini.